Nilingoja Ageuke

Waruguru alikuja na kiti chake.

Mtu wa boda boda alikuwa amekifunga nyuma kwa mpira, miguu minne ikielekea juu, naye mwenye kiti amebanwa katikati, mkono mmoja umeshika mfuko wa nguo na mwingine Biblia yake ya Kikuyu. Wanawake waliokuwa wakianika nguo kwenye ploti ya nyumba za kupanga pale Gatongora walibaki na vibanio midomoni, wakimtazama. Wavinya alitoka mbio, mtoto mgongoni, povu la sabuni hadi viwikoni.

"Shosho, karibu! Si ungepiga simu tukuje steji tukuchukue."

Waruguru hakumjibu. Alimtazama mjukuu wake aliyekuwa akichungulia juu ya bega la mamake, akamwambia huyo mtoto, kwa upole kabisa:

"Mwambie mama yako hicho kiti hakishikwi hapo juu. Kinashikwa chini. Mguu wa nyuma umelegea."

Hivyo ndivyo wawili hao walivyozungumza tangu mtoto azaliwe. Kabla ya hapo hawakuwa wakizungumza kabisa. Kinywani mwa Waruguru, mke wa mwanawe hakuwa na jina, na mtoto naye hakuwa na jina. Alikuwa "mtoto" tu. Jina lake lilikuwa Nduku, na hapo ndipo penye kidonda. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza ni wa mama wa baba. Anachukua jina lake, na kwa jina hilo nyanya anaanza maisha mara ya pili. Huyu alipaswa kuitwa Waruguru. Badala yake alipewa jina la mama mzazi wa Wavinya, Mkamba wa kule Matuu, na kila aliyesikia alijua kwamba hawakusahau. Walikusudia.

Kiti kiliwekwa kati ya kochi na televisheni, mahali pekee palipobaki. Kuanzia hapo kila mtu katika nyumba ile alipita upande upande, kama anayepenya kwenye ua wa miiba.

"Mtoto," Waruguru alisema alipokwisha kuketi, "waambie wazazi wako kwamba Zacharia ameanza kubomoa. Jana wametoa mabati. Nimelala nikiona nyota."

Zacharia alikuwa mwanawe mkubwa. Nyumba ya zamani pale Ngoingwa, alikozaliwa yeye na mdogo wake Njau, mume wa Wavinya, ilikuwa inatoa nafasi kwa fleti.

"Walitoa mabati na wewe uko ndani?" Wavinya aliuliza.

"Mtoto, mwambie mama yako walianza na upande wa jikoni. Wana adabu."

Njau alirudi jioni akinuka chuma kilichochomwa. Alikuwa fundi wa milango na madirisha karibu na baipasi. Alimsalimu mamake, akakiona kiti, akapita upande hadi jikoni, ambako Wavinya alikuwa akikata sukuma wiki.

"Amekuja na kiti," alinong'ona.

"Nimeona."

"Wavinya, mtu anayekuja kutembea habebi kiti."

"Muulize ndugu yako, usiniulize mimi."

"Zaka amenipigia. Amepata chumba Mwiki. Chini, si ghorofa. Jumamosi anakuja na pikapu, kitanda kikiwa ndani, anampeleka huko mpaka fleti iishe."

"Na fleti itaisha lini?"

"Si unajua ujenzi."

"Huko Mwiki atakaa na nani?"

"Kuna keateka wa kuangalia ploti. Kuna maji karibu kila siku."

"Njau, nimekuuliza atakaa na nani."

Njau aliinua kifuniko cha sufuria, akachungulia ndani ingawa mlikuwa na maji matupu. "Kwani unataka akae hapa? Sema tu. Sema unataka, niende nimwambie sasa hivi."

Wavinya aliendelea kukata. Kisu kilikwenda haraka kuliko mboga ilivyohitaji. Aliposikia "Jumamosi" moyo wake ulikuwa umetua kidogo, kama mtu aliyeshusha mtungi, kisha ukainuka tena papo hapo kwa aibu. Mama huyo alikuwa ameondoka kwenye harusi ya Wavinya kabla ya chakula, mbele ya wajomba zake wote waliotoka Matuu na mbuzi. Mama huyo hakuja hospitali alipojifungua. Na sasa alikuwa ameketi nyuma ya ukuta huu mwembamba, akipangusa miwani, akingoja kuambiwa ni mlango upi unaofuata.

"Kuna kitu kingine," Wavinya alisema. "Alhamisi ushirika wa kina mama wa kanisa unakuja hapa kwetu. Na ni mimi nafundisha."

"Si vizuri? Umengojea hiyo zamu tangu tuhamie huku."

"Somo ni Ruthu. Sura ya kwanza."

Njau alikunja uso, akikumbuka shule ya Jumapili. "Ile ya mama mkwe?"

"Hiyo hiyo."

"Ngai. Badilisha."

"Nibadilishe vipi? Ratiba ilitoka Januari. Mama Mwendwa aligawia kila nyumba sura yake. Nikisogeza yangu, mtaa mzima unasogea."

"Atafikiri unampiga vijembe ndani ya nyumba yako."

"Najua vile atafikiri, Njau. Niachie nafasi, nataka kupita."

Kesho yake Wavinya hakuweza kukaa mahali pamoja. Alianza kusoma kitandani, akahamia kwenye kizingiti, akahamia kwenye kamba ya nguo, Biblia imebanwa kwapani na penseli kwenye nywele. Nduku alikuwa anaota jino na alilia kila alipowekwa chini. Somo la hesabu la darasa la jioni alikuwa amelikosa tayari mara mbili kwa sababu ya jino hilo.

Alikuwa akirudia shule aliyoiacha kidato cha pili. Mwalimu Kitheka, aliyewafundisha Kiswahili jioni katika shule moja ya msingi pale Ruiru, alikuwa na maswali yale yale kwa kila habari waliyoisoma, iwe ni ya gazeti au tangazo la kuuza ng'ombe: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini aseme sasa. Watu wazima waliokuja darasani wakiwa na saruji kwenye viatu waliyachoka maswali hayo. Wavinya aliyapenda. Aliona kwamba ukiyashika, hakuna maandishi yatakayokudanganya. Lakini hakuwahi kuyapeleka kwenye Biblia. Biblia alikuwa akiisoma kama dawa, mstari mmoja asubuhi, mstari mmoja kabla ya kulala.

Alipofika kwenye maneno yale alitabasamu kabla ya kuyasoma. Aliyajua. Yalikuwa kwenye kadi yao ya harusi, kwa wino wa dhahabu. Siku ile, kanisani kule Thika, mchungaji aliwageuza watazamane, akasema, "Bibi harusi, mwambie," naye akamwambia Njau kwa sauti iliyotetemeka kwamba atakakokwenda yeye atakwenda, atakapolala atalala, na watu wake watakuwa watu wake. Kanisa lilipasuka kwa vigelegele.

Nani anasema? Ruthu.

Anamwambia nani?

Kidole kilipanda juu mstari mmoja, kikapanda mwingine, kikarudi. Mume hakuwepo. Mume alikuwa amekufa mwanzoni mwa sura. Barabarani palikuwa na wanawake tu, na aliyekuwa anaambiwa maneno yale alikuwa kikongwe mwenye uchungu, ambaye alikuwa ameshasema rudi, rudi kwa mamako, sina kitu cha kukupa.

Hadithi hii Wavinya aliijua tangu utoto. Maneno yale aliyajua tangu uchumba. Alikuwa ameviweka vitu hivyo viwili katika mifuko tofauti maisha yake yote.

Akampigia mumewe simu. Upande wa pili chuma kilikuwa kinalia.

"Njau, yale maneno ya kadi yetu si ya mume."

"Ati nini?"

"Yale maneno! Ruthu alikuwa anamwambia mama mkwe wake!"

"Wavinya, niko juu ya ngazi."

"Wewe ulijua?"

"Mimi siku hiyo nilijua tu viatu vinanifinya. Tutaongea jioni, mama."

Alirudi kwenye sura. Sasa hakuweza kuiacha. Aliisoma kwa sauti ya chini, kama alivyozoea darasani, akimbembeleza mtoto kwa goti. Akaona kwamba baada ya maneno yale mazuri yote, Naomi, huyo mama mkwe, hakujibu. Alimwona msichana ameshikilia, akanyamaza, wakatembea. Wavinya alipiga mstari hapo kwa penseli. Njia yote ile, kimya.

"Mtoto."

Waruguru alikuwa ameketi kwenye kiti chake, Biblia yake imefungwa magotini. Alikuwa akisikia kila neno.

"Mwambie mama yako mimi si Naomi. Naomi alizika watoto. Wangu wako hai, wote wawili, wananipitisha mlango kwa mlango kama mtungi wa gesi."

"Shosho, si mimi nimechagua hilo somo. Ni ratiba."

"Mwambie hata nyoka ana ratiba."

Wavinya alifunga Biblia yake. Alichukua ndoo, akaenda kuteka maji ambayo hawakuyahitaji.

Alhamisi, jua likiwa bado juu, wanawake wa ushirika walifika na viti vya plastiki walivyoazima kwa majirani. Mama Mwendwa, mwenyekiti wao, alikagua chumba kama fundi anayepima, akawapanga ukutani. Wamboi, aliyeuza nguo za mitumba karibu na steji, alikaa sakafuni na kusema ndiko alikozoea. Ngendo, aliyeolewa juzi tu, alikaa kwenye ncha ya kochi na kadi ya kanisa mkononi. Waruguru hakusogea. Kiti chake kilikuwa katikati ya kila kitu, na yeyote aliyetaka kumwona mwalimu ilibidi amwone yeye kwanza.

Wavinya alisoma sura yote bila kukwama. Alipomaliza alimweka Nduku sakafuni, na Nduku, bila kumwuliza mtu, akatambaa hadi kwenye miguu ya nyanya yake na kujiinua kwa kushika sketi.

"Haya maneno ni matamu," Wamboi alianza. "Mimi nilimwambia Baba Kahiga mbele ya kanisa zima. Utakakokwenda nitakwenda. Akaenda Kitengela. Nikampigia, nikamwambia naja. Akaniambia nyumba ya huko ni ndogo."

Walicheka hadi Mama Mwendwa akainua mkono.

"Mimi yalikuwa kwa keki," Ngendo alisema kwa haya.

"Ukayala," Wamboi alisema. "Wewe una akili."

"Naomba tuulize kitu," Wavinya alisema. Aliweka kidole kwenye mstari. "Nani anasema hayo maneno?"

"Ruthu," walijibu pamoja.

"Anamwambia nani?"

"Si anamwambia..." Mama Mwendwa alianza kwa uhakika, kisha akainamia ukurasa. "Haiya."

"Kwani nani?" Ngendo aliuliza.

"Mama mkwe," Mama Mwendwa alisema.

Wamboi alishika kichwa. "Ati tumekuwa tukiapia mama mkwe miaka hii yote? Na mimi wangu nilimkimbia!"

Kicheko kilizunguka chumba, kikafika kwenye kiti cha katikati, kikafia hapo. Waruguru alikuwa amempakata mtoto na kutazama mlango.

Wavinya alikuwa ametayarisha mambo mengine ya kusema. Alikuwa ameyaandika nyuma ya karatasi ya hesabu: uaminifu, subira, mavuno. Lakini karatasi ilibaki mfukoni.

"Kuna kitu kimenikosesha raha tangu jana," alisema. "Wamefika Bethlehemu. Wanawake wanatoka kuwaona, vile sisi tunatoka hapa kwa ploti gari likisimama. Naomi anawaambia, nilitoka hapa nimejaa, Mungu amenirudisha mtupu. Na Ruthu amesimama hapo hapo. Ako na vumbi kwa miguu. Ametembea ile njia yote, ameacha mama yake. Anasikia akiitwa utupu."

Sauti ilivunjika kwenye neno la mwisho. Haikukusudiwa. Wanawake waliangalia kiti, wakaangalia kando, wakaangalia vikombe vilivyokuwa bado havijajazwa.

"Amina," Mama Mwendwa alisema upesi. "Basi na tuinamishe vichwa..."

"Ngojeni."

Waruguru alisema bila kuinua sauti. Alimgeuza Nduku magotini hadi wakatazamana uso kwa uso.

"Mtoto, mwambie mama yako hiyo sura nilianza kuisoma kabla yeye azaliwe. Mwambie siku ya harusi yake nilikaa kiti cha mbele, na kitambaa kipya. Sikuwa nimemtaka. Sitadanganya na Neno liko wazi hapa. Nilitaka msichana wa kwetu. Nimekaa hapo, roho imefungwa hivi." Alifunga ngumi, mtoto akaishika. "Kisha nikamsikia anayasema hayo maneno. Hayo maneno najua ni ya nani. Nikasema moyoni, Ngai wangu, huyu msichana ananiambia mimi. Ameona nimekasirika, ameenda kwa Maandiko akatafuta njia, ananiomba mbele ya watu wote. Nani mwingine angefanya hivyo? Machozi yalinitoka. Nikasema, sasa atageuka. Nilingoja ageuke."

Mtoto alikuwa bado ameishika ngumi yake.

"Alimwangalia mwanangu tu. Mpaka mwisho. Nikachukua mkoba wangu nikaenda."

"Sikujua," Wavinya alisema. "Shosho, haki ya Mungu, sikujua. Mchungaji alisema nimwambie Njau. Sisi tulifikiri umekataa kula chakula cha Wakamba."

"Mwambie chakula kilikuwa kinanukia mpaka barabarani. Nilienda na njaa."

"Ndiyo tukaruka jina lako."

Neno lilikuwa limetoka. Tangu mtoto azaliwe lilikuwa limelala chini ya kila salamu, na sasa lilikuwa katikati ya chumba, mbele ya mtaa, pamoja na mandazi.

"Najua," Waruguru alisema. "Nilisikia mkisema."

Mama Mwendwa alianzisha wimbo kwa ufunguo wa juu mno, wakamfuata wakikwama. Chai ilinywewa kwa haraka isiyo ya kawaida. Mlangoni Wamboi alimshika Wavinya mkono, akaondoka bila mzaha.

Walipokwisha kuondoka Waruguru alikuwa tayari amepanga nguo zake mfukoni.

"Mtoto, mwambie mama yako hicho chumba cha Mwiki kitanifaa. Hapa ni padogo. Na yale nilikuwa nayo nimeshayasema."

Ijumaa ilikuwa ndefu. Wavinya alifua mapazia. Alihamisha kitanda cha mtoto upande wa dirisha, akakirudisha. Jioni alimwambia Njau yaliyotokea, kipande kipande, naye akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesomewa hukumu ya kosa alilolifanya usingizini.

"Hata mimi sikugeuka," alisema mwishoni. "Nilikuwa nikimpa mgongo pia."

"Sasa?"

"Sasa Zaka amepanga kila kitu, Wavinya. Na wewe mwenyewe hujasema unataka."

Hakuwa amesema. Alijichunguza akitafuta huko kutaka, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko wenye tundu, hakukuona. Alichokiona ni kwamba hata kwa Ruthu hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba anataka. Alisoma sura zote nne, mguu mmoja ukitikisa kitanda cha mtoto. Alitafuta mahali Naomi anapomwambia samahani, au asante, au hata karibu. Hakupaona. Mwishoni aliwaona wanawake wa mtaa, wale wale waliomsikia akisema ni mtupu, wakisema Naomi amepata mwana, naye akimweka mtoto wa Ruthu kifuani. Mtoto akapakatwa na mwenye kulalamika. Basi.

Alitaka sura ya tano. Haikuwepo.

Pikapu ilifika Jumamosi asubuhi na kurudi nyuma hadi mlangoni, nusura iangushe kamba ya nguo. Kitanda cha Waruguru kilikuwa ndani, kimesimamishwa, na juu yake godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Zacharia alishuka akiwa amevaa koti la safari za kazi. Mkewe Maggie alibaki ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu, simu mkononi.

"Mama, uko tayari? Chumba ni kizuri, nimepaka rangi. Ukifungua mlango unaona ukumbi wa kupita watu."

"Na dirisha?" Wavinya aliuliza.

Zacharia alimtazama kama mtu aliyeulizwa na ukuta. "Liko."

"Linaangalia nini?"

"Si linaangalia nje, jameni. Njau, leta mfuko."

Njau alileta mfuko. Mikono yake, iliyozoea kuinua milango ya chuma, iliubeba mfuko ule wa nguo kama kitu kizito sana. Waruguru alitoka akiwa amevaa kitambaa cha kanisani, Biblia mkononi. Alimgusa Nduku shavuni, akawaaga wanawake wa ploti kwa kichwa, akaingia mbele karibu na Maggie. Kwa Wavinya hakusema kitu, na mtoto hakupewa ujumbe.

Kiti kilipakiwa mwisho. Zacharia alikirusha nyuma, mguu ukalia.

Wavinya aliusikia mguu ule ukilia. Mpaka hapo alikuwa amesimama tu, mtoto ubavuni, akijiambia kwamba mambo yamekwisha, kwamba hata yeye ana haki ya kupita ndani ya nyumba yake bila kujipinda. Kisha alimwona Nduku akinyoosha mkono kuelekea kiti. Akamkabidhi Njau mtoto, akapanda tairi kwa kandambili, akakishika kiti na kukiteremsha.

"Shemeji, unafanya nini?" Zacharia aliuliza.

"Hiki hakiendi."

"Ni cha mama."

"Najua ni cha mama. Ndiyo maana hakiendi."

Maggie alishusha kioo chote. "Wavinya, tafadhali. Haya ni mambo ya ushirika, sivyo? Watu wakisoma wanachemka. Mwezi mmoja, utatupigia simu ukilia."

"Nitalia, Maggie. Naweza hata kulia kabla ya mwezi."

"Sasa?"

"Sasa nimesema kiti hakiendi."

Wanawake wa ploti walikuwa wametoka wote. Mmoja alikuwa amesimama na mwiko. Zacharia alipunguza sauti, akasogea karibu, akinukia sabuni nzuri.

"Mtamlaza wapi? Niambie tu. Hapo mna chumba cha kulala kimoja. Na kesho mama akianza maneno yake, unamjua. Haongei na wewe hata leo. Umeona akikuaga?"

"Sijaona."

"Basi unajipendekeza kwa nani?"

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo alilokuwa amejiuliza. Wavinya alikumbatia kiti kifuani. Hakuwa na maneno ya dhahabu. Yale ya Ruthu alikuwa ameshayatumia, mahali pasipo pake, na hayakuweza kusemwa tena kama kwamba ni mapya.

"Sijui nitamlaza wapi," alisema. "Njau ni fundi, atachomea kitanda cha juu na chini. Sijui. Akininunia, aninunie hapa, nikimwona. Mimi sitaki anune Mwiki akiangalia ukuta."

Alisema hayo akimtazama Zacharia, mgongo ukielekea mbele ya gari. Hakuona mlango ukifunguka. Njau aliona. Alitaka kwenda kumsaidia mamake kushuka, lakini mamake alimkataza kwa mkono, akateremka mwenyewe, polepole, mguu mmoja kisha mwingine. Alisimama nyuma ya mke wa mwanawe. Alimtazama mtoto mikononi mwa Njau.

"Mtoto," alisema, "mwambie mama yako..."

Mtoto alingoja, kidole mdomoni. Waruguru alitazama mgongo ule mwembamba wenye leso iliyofungwa vibaya, na labda aliona kwamba siku ile kanisani, yeye pia alikuwa na sauti, na hakuitumia.

"Wavinya."

Lilitoka kwa ugumu, kama mlango uliokaa bila kufunguliwa.

Wavinya akageuka.

Walitazamana. Hakuna aliyepiga vigelegele. Maggie alikuwa ameacha kuandika kwenye simu.

"Shika chini," Waruguru alisema. "Nilikwambia kinashikwa chini. Huo mguu utakuangukia."

Wavinya akainama, akashika chini. Mama mkwe akashika upande wa pili, na wakakipitisha mlangoni kwa upande, kikigonga hapa, kikikwaruza pale, huyu akisema inua na yule akisema ngoja.